Mkwe Aliyeuliza Jogoo Anafunguliwa Wapi

Patrobas Mukhwana,
Nyumba ya pembeni, karibu na bomba la maji,
Makadara, Nairobi.

Agosti, 1995

Kwa Bw. Nzomo,
Chifu wa Lokesheni yetu.

Mheshimiwa Chifu,

KUH: VIJANA KUTOJUA LOLOTE, NA WAZEE KUSINGIZIWA VIVYO HIVYO

Naomba barua hii ikukute ukiwa mzima, na ukiwa umeketi. Ikiwa umesimama, tafadhali tafuta kiti kwanza, maana mambo nitakayoyaeleza yalimfanya jirani yangu Muindi ashikilie ukuta, na yeye aliwahi kuwa askari.

Mimi ni mkazi wako wa miaka mingi. Barazani naja, na siku ile ulipotuhimiza tuzibue mitaro, mimi nilileta koleo; wengine walileta maoni. Nilikuwa karani wa stoo katika kiwanda cha sabuni kule Industrial Area mpaka nilipostaafu, na kwa muda wote huo hakuna mtu aliyewahi kunishtaki kwa kosa la kutojua. Nayasema haya ili ufahamu kwamba anayelalamika hapa si mtu wa kulalamika.

Shida yangu ni kijana anayeitwa Mativo na, kupitia kwake, vijana wote wa Eastlands. Mativo ni mwana wa Matheka, dereva wa lori, wa kule Umoja. Anataka kumwoa binti yangu Nekesa, kifungua mimba wangu, ambaye siku hizi anasomea kompyuta mjini katika jengo ambalo mtu hupanda ngazi mpaka akasahau alikokuwa akienda. Sina ubaya na Wakamba. Muindi ni Mkamba, na sijawahi kumshuku kwa jambo lolote isipokuwa mchezo wa drafti. Malalamiko yangu hayahusu kabila. Yanahusu akili, nami nitayapanga kwa nambari ili usipotee.

1. Kuhusu jogoo.

Jumamosi moja Mativo alikuja kujitambulisha rasmi. Aliandamana na mjomba wake, Bw. Kyule, mchonga vinyago, mtu mpole aliyevaa koti zito na kuketi bila kuegemea. Mke wangu Beldina alikuwa amesafisha nyumba hadi mahali ambapo mgeni hawezi kufika hata akipewa ruhusa. Mimi nami nilikuwa nimenunua jogoo mzima, mwenye kilemba chekundu na macho ya hakimu, kwa sababu kwetu Bungoma mgeni wa heshima hapewi maharagwe.

Baada ya sala na soda, nilimkabidhi Mativo jogoo na kisu. Nilimweleza kwamba katika ukoo wetu mkwe humchinja jogoo mwenyewe, ndipo tuujue mkono wake. Desturi hiyo nilikuwa nimeianzisha asubuhi ile ile, lakini kila desturi, Mheshimiwa, ilikuwa na asubuhi yake ya kwanza.

Kijana alimpokea jogoo kwa mikono miwili, kama mchungaji anayepokea mtoto wa kubatiza. Akamgeuza upande huu. Akamgeuza upande ule. Akainua bawa, akachungulia chini yake. Kisha akanisogelea na kuniuliza kwa adabu kubwa, kwa sauti ya chini ili mjomba wake asisikie:

"Baba, anafunguliwa wapi?"

Nilidhani anauliza habari ya kamba ya miguuni. Sivyo. Ilitokea kwamba Mativo, katika maisha yake yote, hakuwahi kukutana na kuku mwenye manyoya yake. Kuku anayemfahamu yeye huja amekatwakatwa na kufungwa ndani ya gazeti. Aliyachukulia manyoya kuwa ni karatasi ya kufungia, na alikuwa akitafuta ile ncha inayovutwa.

Mimi nikiwa bado natafuta jibu, jogoo alipata lake. Alijichomoa mikononi mwa kijana, akapita juu ya glasi ya Bw. Kyule, akatoka mlangoni na kushika njia ya Jogoo Road. Ndiyo, Mheshimiwa. Kati ya barabara zote za jiji hili, alichagua ile yenye jina lake. Alipofika pale katikati, kwenye ukingo unaozigawa njia mbili, alisimama, akajinyoosha, akawika. Magari yalisimama pande zote. Abiria walichungulia madirishani. Mativo alimfuata mbio akiwa na tai shingoni na kisu mkononi, hali iliyowafanya watu waliokuwa wakipita kuelekea upande wa mahakama wadhani kesi imetoroka.

Aliyemkamata jogoo ni Mama Triza, muuza mandazi, ambaye alimfunika kwa karai bila hata kuinuka kwenye kigoda chake. Tulimrudisha nyumbani, na Beldina akamchinja, kama anavyofanya siku zote, kwa kuwa mimi damu hunipandisha presha.

Tulikula. Jogoo alikuwa mtamu. Lakini mimi nilikula nikiwaza. Kijana huyu ana cheti cha sekondari. Anafanya kazi ya ukarani katika kampuni ya bima, anawaandikia watu kinga dhidi ya moto, mafuriko na wezi. Na hapa janga lenyewe limesimama mbele yake likiwa na manyoya, naye hajui lishikwe wapi.

2. Kuhusu mashariki, na fedha za kale.

Baada ya chakula niliona ni wajibu wangu kumfanyia Mativo mtihani mfupi wa mdomo. Nilianza na jambo jepesi, ili nimtie moyo. Nilimwomba anionyeshe mashariki kwa kidole.

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa pua yake iko wapi. "Baba," akasema, "hapa ndipo Eastlands. Mashariki ni hapa."

Nilimwuliza, basi, jua linachomoza wapi. Alifikiri kwa makini, maana kijana si mvivu, hilo nakubali. Akasema kwamba kwao Umoja huchomoza nyuma ya ghorofa la jirani, kwa hivyo hajawahi kuliona likichomoza. Yeye huliona tu likiwa limekwisha kufika.

Nikaiacha dunia, nikaingia katika fedha. Nilimwuliza ndururu ni nini. Senti tano yetu ile alisema ni ugonjwa wa kuku, akaitazama mifupa iliyokuwa kwenye sahani yake kwa wasiwasi. Sumuni, nusu shilingi nzima, alisema ni sumu ndogo, ya panya labda. Telegramu alisema ni kipimo cha uzito, kidogo kuliko kilogramu. Nilipomwambia kwamba watu walikuwa wakiletewa telegramu za misiba, alisikitika sana, akauliza kama zilikuwa zikiwaangukia.

Nilimwuliza Uhuru tuliupata mwaka gani. Hilo alilijua, mpaka tarehe, mpaka saa ya kupandisha bendera. Nikamwuliza yeye mwenyewe alikuwa wapi usiku huo. Akasema hakuwa amezaliwa. Hilo niliona ni jibu la mkato.

3. Kuhusu mtihani wa kulipiza.

Hapo Beldina, mke wangu wa ndoa ya kanisani, ambaye hajawahi kushindwa kesi yoyote ndani ya nyumba hii, alisema kwamba mtihani wa haki huenda na kurudi. Kama mzee ameuliza, kijana naye aulize. Nekesa alitoka jikoni akifuta mikono, kwa haraka ya mtu aliyekuwa amesimama nyuma ya mlango tangu mwanzo. Akajiteua kuwa msahihishaji. Sikupinga. Nilijua nitashinda.

Swali la kwanza lilikuwa la salamu. Mativo aliniambia, "Niaje." Nilimjibu asiulize aje, kwa kuwa amekwisha kuja, amekula, na amebakiza shingo. Nekesa akaandika sifuri. Akaniambia, "Sasa." Nikatazama saa yangu na kuwapa saa kamili, pamoja na dakika. Sifuri tena.

Nililalamika. Niliwaeleza kwamba mimi nimeishi Eastlands tangu Sheng haijaota meno, na kwamba sisi ndio tulioibeba mgongoni. Nikawapa mifano ya maneno tuliyokuwa tukiyasema pale kiwandani saa ya chakula cha mchana. Mativo hakulijua hata moja. Nekesa aliniambia kwa upole, kama anayenipa habari ya msiba, kwamba maneno hayo yalikufa zamani, na kwamba hata yaliyokuja baada yake yamekwisha kuzikwa. Mheshimiwa, suruali niliyovaa siku hiyo niliinunua kabla ya maneno hayo kuzaliwa, na suruali bado ipo!

Swali jingine lilihusu kompyuta. Waliniuliza: kompyuta ikiingiwa na virusi, hufanywaje? Swali hili nililipenda, kwa sababu nimelea watoto. Nilisema ifunikwe vizuri, ipewe maji ya uvuguvugu kidogo kidogo, na itengwe na zenzake. Walitoka nje wakacheka hadi nikawasikia kupitia ukutani. Waliporudi, Mativo alisema kwa haki yote kwamba ile sehemu ya kuitenga na zenzake ni sahihi, na akapendekeza nipewe nusu alama. Mheshimiwa Chifu, sifuri inauma mara moja. Nusu alama hurudi kukuuma unapolala.

Nikadai swali la maana, la vitabuni. Nekesa akasema nitaje nchi na miji yao mikuu. Hapo nilijiegemeza kitini, maana jiografia nilifundishwa kwa kiboko cha ngozi ya ndama, na kilichoingia kwa njia hiyo hakitoki. Nikaanza na Upper Volta, mji mkuu Wagadugu.

Walitazamana. Halafu wakanitazama kwa huruma. Nekesa alisema, "Baba, hakuna nchi inayoitwa hivyo."

Nchi si sindano, Mheshimiwa. Nchi nzima haiwezi kupotea bila majirani kuuliza. Nilimwuliza Bw. Kyule, mtu mzima mwenzangu, naye akakohoa na kusema kwamba hata yeye amesikia kitu kama hicho. Eti mji bado upo, ila nchi iliyouzunguka imebadilishwa jina. Nikauliza habari za Dahomey. Nayo, wakasema, imekwenda. Nilianza kuzihesabu kichwani nchi zilizosalia, kwa hofu, kama mtu anayehesabu kuku wake baada ya kicheche kupita. Nikauliza ni nani aliyekuwa zamu siku hiyo, na kwa nini hakupiga kelele. Nami nilikuwa hapa hapa Makadara, naenda kazini, narudi, nasikiliza redio, na hakuna aliyeona vema kuniarifu.

Beldina alitangaza matokeo. Mativo alikuwa na alama moja, ya mwaka wa Uhuru. Mimi nilikuwa na nusu. Bw. Kyule alipiga makofi. Baadaye alisema alifanya hivyo kwa adabu tu, kwa sababu alidhani ni mwisho wa sherehe.

4. Kuhusu vita vya mtaa.

Ningependa kusema mambo yaliishia nyumbani. Hayakuishia. Kuta za nyumba zetu unazijua. Mtu akipiga chafya kwangu, jirani humtakia afya. Kufikia Jumapili jioni mtaa mzima ulikuwa umegawanyika.

Wazee wa drafti walikuwa upande wangu. Muindi alijiweka kwenye bomba la maji, akiwa na kofia yake ya zamani, na akaamua kwamba kijana yeyote atakayeshindwa kusema ndururu ni nini hatajaza mtungi. Vijana wengi walirudi na mitungi mikavu. Nasikia mmoja wao alinawa uso kwa soda ya limau, na nyuki wakamsindikiza hadi kazini.

Vijana nao walikuwa na Ndete, kinyozi. Huyu alitundika kitambaa mlangoni mwake na kusema kwamba mzee hanyolewi mpaka aeleze jinsi ya kurekebisha ile saa ya kwenye mashine ya video, ambayo katika nyumba zetu zote humetameta ikionyesha saa sita tangu siku iliponunuliwa. Muindi alikwenda akijiamini. Alijibu vizuri mwanzoni, akanyolewa upande mmoja. Katikati ya maelezo akakwama. Ni huo upande mmoja ulionyolewa anaotembea nao mpaka leo, na kanisani huketi akiuelekeza ukutani.

Haikuishia hapo. Mzee mmoja alikwenda kwenye kibanda cha simu kuwapigia watu wake, kile cha kutumia kadi. Vijana walikuwa wamejipanga nje na hawakumsaidia. Walimtazama akiuliza hali ya ng'ombe, akitoa pole za msiba na kuahidi kwenda nyumbani Krismasi, akizungumza muda wote huo, bila kutia kadi, na mkono wa simu usiokuwa na uhai wowote. Alitoka ameridhika sana. Sijui kama nimwambie.

5. Kuhusu nyumba yangu.

Hili ndilo linaloniuma, na nimeliweka mwisho kwa makusudi.

Mativo haji tena. Alituma salamu kwamba hatarudi hadi atakapokuwa amesoma. Asome nini, hakusema. Nekesa hazungumzi nami. Hanikosei adabu, ananiletea chai asubuhi, anaiweka mezani polepole, anaondoka. Ningefurahi kama angekuwa anakibamiza kikombe, kwa maana kelele mtu huweza kuijibu.

Juzi nilishindwa kuvumilia. Nilimwambia kwamba yote haya nayafanya kwa faida yake, kwa sababu siwezi kumtoa mtoto wangu kwa mtu asiyeijua dunia. Alisimama pale mlangoni na trei mkononi.

"Baba," akasema, "wewe ulinilea hapa. Mimi pia sijui jogoo anafunguliwa wapi."

Akaenda zake. Niliyasoma upya malalamiko yote niliyokuwa nimeyaandika mpaka hapo. Nikanywa chai. Haikuwa na sukari.

MAOMBI YANGU

Kwa sababu hizo, Mheshimiwa Chifu, na kwa kuwa serikali ndiyo mama na baba, naiomba ofisi yako ichukue hatua hizi bila kuchelewa:

(a) Kijana yeyote asiruhusiwe kufunga ndoa katika lokesheni hii bila Cheti cha Kujua Mambo, kitakachotolewa na jopo la wazee. Niko tayari kuwa mwenyekiti. Sitaki malipo, kiti tu chenye mikono.

(b) Ili tusionekane tunawaonea vijana, ndoa zilizokwisha kufungwa nazo zikaguliwe upya. Atakayeshindwa, ndoa yake isimamishwe, na alale kwingine hadi atakapofaulu. Sheria isiyomgusa mkubwa ni uonevu.

(c) Vijana wote wa Eastlands wapelekwe mashambani wakati wa likizo, wakatambulishwe kwa ng'ombe. Watambulishwe vizuri, kwa majina, na pande zote mbili zipewe nafasi ya kuuliza maswali.

(d) Kibao kikubwa kiwekwe kwenye mzunguko wa barabara, kikionyesha mashariki ya kweli, na askari wako mmoja akilinde usiku. Mtu anayeweza kuiba jina la nchi hatashindwa kugeuza kibao.

(e) Ofisi yako iandike barua kunakohusika kuuliza Upper Volta na Dahomey zilikwenda wapi, nani alisaini kuzipokea, na kama waliozichukua wamewahi kuonekana wakiipima Makadara kwa macho. Mimi kama karani wa stoo najua: kitu kikitoka bila sahihi, leo ni sanduku la sabuni, kesho ni ghala. Ikionekana Makadara imo hatarini, napendekeza sisi wazee tuibadilishe jina wenyewe mapema, kabla wageni hawajafanya hivyo, na tusimwambie mtu yeyote jina jipya.

Ninayo mapendekezo mengine, hasa kuhusu Ndete kinyozi, lakini karatasi inanikataa.

Nafunga hapa kwa unyenyekevu wote wa raia aliyepewa nusu alama. Nisalimie mama watoto wako, karani wako yule anayepiga chapa kwa kidole kimoja, askari wako wote, ng'ombe wako walioko kijijini, ambao bila shaka unawajua kwa sura, na wale wananchi wanaokungoja kwenye benchi nje ya ofisi. Waambie wavumilie.

Ni mimi mkazi wako mtiifu, nisiyenyolewa,

Patrobas Mukhwana

Tanbihi: Nimelazimika kuifungua tena bahasha. Jana, wakati natafuta stempu, alifika kaka yangu mkubwa, Wakoli, kutoka Bungoma. Alikuwa ameitwa na Beldina aje kusimamia mazungumzo ya posa, jambo ambalo mimi nilidhani limekwisha kuvunjika. Nyuma yake waliingia Bw. Kyule na Mativo, nao wamealikwa na Beldina. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa sijaalikwa, lakini kwa bahati nilikuwepo.

Kaka aliona barua mezani, akataka asomewe. Nilimsomea yote kwa sauti. Alisikiliza akiwa amefumba macho, na tulipofika ombi (b) alitikisa kichwa kukubali. Alisema ni wazo zuri mno, na kwamba jambo zuri huanzia nyumbani. Basi akanigeukia mimi.

Aliniuliza mtu atajuaje, bila kalenda, kwamba wakati wa kupanda mahindi umefika. Nilisema redio hutangaza. Aliniuliza ni mti gani usiochomwa jikoni, na kwa nini. Nilisema siku hizi tunatumia mafuta ya taa. Aliniuliza ng'ombe anayetaka kuzaa huonekana vipi. Nilisema huonekana mnene. Kila nilipojibu, Kaka alinitazama kama anavyomtazama ndama aliyekataa kunyonya. Mwishowe alimwambia Beldina kwamba kwa mujibu wa barua yangu mwenyewe, ndoa yetu imesimamishwa kuanzia dakika ile. Beldina, bila huzuni niliyoweza kuiona, aliniuliza kama ningependa kulala kwa Muindi au kwenye benchi la kanisa.

Nilibakiwa na swali moja la kujiokoa: niwataje wazazi walionizaa, mmoja baada ya mwingine, nikirudi nyuma. Baba yangu ni Lusweti. Hilo nililisema kwa nguvu. Baba yake ni Nabutola. Na baada ya Nabutola, Mheshimiwa, palikuwa peupe. Nilitazama dari. Nilimtazama Beldina, naye akatazama chini, na hapo niliona kwamba hakuwa akicheka tena. Niliwaza jinsi nilivyoishi miaka yote hii juu ya mabega ya mtu ambaye jina lake silijui.

Ndipo nikasikia sauti ndogo karibu na sikio langu: "Wepukhulu."

Alikuwa Mativo. Siku zote nilizokuwa nikiiandika barua hii, yeye alikuwa akifundishwa babu zangu. Alifundishwa na Nekesa, ambaye alifundishwa na mama yake, ambaye hata si wa ukoo wetu.

Nilisema "Wepukhulu" kwa sauti ya mtu aliyezaliwa akilijua. Kaka Wakoli akafumbua macho. Ndoa yangu ikarudishwa, kwa masharti.

Kwa hivyo naomba barua hii uichome, na ukianza, anzia ombi (b). Harusi ni Desemba na umealikwa pamoja na watu wako wote. Tunachohitaji kutoka ofisini kwako ni viti vya barazani tu, vile vyenye miguu yote. Mativo sikumshukuru mbele ya watu. Sikujua ningeanzia wapi. Nilimwambia tu asogeze kiti chake karibu na changu, kwa sababu Kaka Wakoli alikuwa ndiyo kwanza anamuulizia baba yake Wepukhulu.